Mji ukichafuka: namna ya kuwashika mkono asistanti wa tiba ya familia Goma

Mwongozo huu ni wa anayewasimamia asistanti (madaktari walio bado katika mafunzo ya ubingwa) wa tiba ya familia katika hospitali za Goma, mashariki mwa Kongo, awe mratibu wa mafunzo, shefu wa idara au asistanti wa mwaka wa mwisho aliyeachiwa wadogo zake. Mji huu umeona lava ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021, Ebola ya 2018 hadi 2020, mpoksi, kipindupindu kinachorudi kila watu wanapolazimika kuteka maji ziwani, na vita vilivyofika hadi barabara za katikati Januari 2025. Anayesubiri shida ianze ndipo apange, hupanga akiwa amechelewa.

Asistanti wa tiba ya familia ana shida yake. Yule wa upasuaji ana shefu mmoja anayemjua kwa jina la nyumbani. Huyu wa familia mwezi huu yuko watoto, mwezi ujao uzazi, baadaye interna (magonjwa ya ndani), kisha kituo cha afya pembeni ya mji. Kila idara inamwona mgeni wa kupita. Siku za kawaida hilo halimwumizi sana. Mambo yakichafuka, kila shefu anadhani mwenzake ndiye anayemwangalia, na kijana anabaki peke yake na maamuzi yasiyo yake: majeruhi yupi aingie kwanza chumba cha upasuaji, aje kazini au abaki na watoto wake, avuke mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, au asivuke. Maamuzi hayo humchosha kuliko damu. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinalenga kumtua mzigo wa kuamua. Maneno ya faraja yana nafasi yake, lakini si ya kwanza.

Hatua ya 1: Daftari la watu, kwenye karatasi

Tengeneza ukurasa mmoja kwa kila asistanti. Andika namba mbili za simu za mitandao tofauti, mtaa anaolala na alama iliyo karibu (kanisa, depo, mzunguko wa barabara), anaishi na nani, nani anamtegemea, idara aliyopo mwezi huu, na dawa anazotumia kila siku. Hiyo ya mwisho husahaulika. Mwenye pumu au presha aliyekwama hospitalini siku nne bila dawa yake ni mgonjwa mwingine wa kulaza.

Usiandike kabila, kijiji cha asili wala chama. Huhitaji habari hizo kumsaidia mtu, na karatasi inaweza kuangukia mikono usiyoijua. Nakala ziwe mbili: moja kwako, moja kwa msaidizi wako anayelala mtaa mwingine. Simu haitoshi. Mwishoni mwa Januari 2025 umeme, maji na intaneti vilikatika katika siku zilezile, na orodha iliyokuwa kwenye simu isiyo na chaji haimfai mtu.

Kisha wagawe kwa mitaa, si kwa idara: Himbi na Keshero pamoja, Ndosho na Mugunga pamoja, Majengo, Mabanga na Katoyi pamoja. Mtandao ukianguka, anayeweza kugonga mlango wa mwenzake kwa miguu ni jirani, si mwenzake wa wodi.

Hatua ya 2: Mtu mmoja wa kuambiwa ukweli

Kila asistanti awe na mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, na mlezi huyo asiwe yule anayetia sahihi daftari lake la staji (mafunzo ya vitendo) wala anayemtungia mtihani. Hakuna atakayemwambia mwenye alama zake kwamba jana usiku mikono ilimtetemeka akishindwa kuweka serumu (dripu). Mlezi mmoja asiwe na zaidi ya watu watano. Akiwa nao kumi, atawasalimia wote na hatamjua hata mmoja.

Hatua ya 3: Saa 72 za kwanza

Hesabu watu mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi jioni, kwa SMS ya kawaida. WhatsApp inahitaji intaneti, na kundi la WhatsApp siku kama hizo hujaa uvumi, sauti za kilio na picha ambazo aliye zamu hapaswi kuziona. Tumia tarakimu:

1 – niko salama, naweza kuja.
2 – niko salama, siwezi kutoka.
3 – nahitaji msaada.

Asiyejibu mara mbili mfululizo, jirani wa mtaa wake anaulizwa. Risasi zikiwa bado zinalia, hakuna anayetumwa kumtafuta. Hilo lisemwe mapema na msimamizi mwenyewe, maana vijana wataenda kutafutana bila kutumwa.

Amri ya kuja au kutokuja itoke kwako, kwa maandishi, hata kama ni mstari mmoja: "Leo walio ng'ambo ya Ndosho wasije. Siku hii inahesabiwa." Usimwachie asistanti kwa kumwambia "uje ukiweza". Neno hilo linaonekana la huruma, kumbe linamrudishia mzigo wote: akija akapata ajali ni kosa lake, asipokuja ni mwoga. Anayenyonyesha, mwenye mimba na aliye peke yake na watoto wadogo wabaki nyumbani bila kuomba ruhusa. Waliokutwa hospitalini wabaki hapo, wapewe godoro, chandarua, ndoo yenye mfuniko na mahali pa kufunga vitu vyao.

Kumbuka pia familia. Tarehe 27 Mei 2021, amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji ilipotoka, watu walielekea Sake, Rutshuru na Gisenyi kwa wakati mmoja, na wengi hawakujua wa nyumbani kwao wamepita njia gani. Daktari asiyejua mama yake yuko wapi hawezi kuhesabu dozi ya mtoto. Mpe dakika za kupiga simu, mara mbili kwa zamu, na umnunulie vitengo vya simu (vocha). Ni dawa ya bei nafuu kuliko zote zilizomo humu.

Hatua ya 4: Zamu zinazofuata jua

Hapa ndipo wasimamizi wengi huharibu, kwa hiyo tukae kidogo.

Goma giza huingia kama saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Ukiweka mabadilishano ya zamu saa moja jioni kama kawaida, unawatoa watu wawili barabarani usiku, mmoja akija na mwingine akirudi. Wakati wa hatari badilisha saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Kwa mpango huo zamu ya mchana ina saa tisa, na ya usiku ina saa kumi na tano. Saa kumi na tano hazibebwi na mtu mmoja. Anayefika gadi (zamu ya hospitali) akiwa macho tangu asubuhi, ikifika usiku wa manane amekesha zaidi ya saa 17, na utafiti wa usingizi unaonyesha kwamba hapo umakini wake ni kama wa mtu mwenye pombe ya 0.05% katika damu.

Kwa hiyo weka wawili usiku, walale kwa zamu. Wa kwanza alale saa tatu usiku hadi saa saba, wa pili saa saba hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa nne si nyingi, lakini saa nne zisizokatizwa ni bora kuliko usingizi wa kuamshwa kila mara. Masharti yake ni haya: simu ya gadi haiingii chumba cha kulala, anayelala amevua viatu, na muuguzi anajua nani yuko macho ili asigonge mlango usio wake. Pakifurika majeruhi, wote wawili waamke. Nje ya hapo, hapana.

Asiyepata saa nne alale dakika 20, zisizidi 30. Akilala saa nzima na kuamshwa ghafla huamka kama mlevi, kwa sababu ametolewa katikati ya usingizi mzito. Aliyeamka apewe robo saa na maji ya kunawa uso kabla ya kushika sindano. Usiku, dozi za ketamini, mofini, salfeti ya magnesiamu na dawa yoyote ya mtoto zisomwe kwa sauti na watu wawili, uzito wa mtoto ukiwa umeandikwa mbele yao. Ukisema hii ni sheria ya wote, hakuna atakayeona ameshukiwa.

Baada ya usiku wa tatu mfululizo, siku nzima ya mapumziko. Asistanti atakataa, atasema wenzake wanaumia. Usibishane naye. Andika jina lake kwenye ratiba upande wa mapumziko, ratiba ikabandikwe ukutani.

Hatua ya 5: Chakula, maji, hela

Chakula cha moto kiwe hospitalini kabla ya giza, si pesa ya kwenda kutafuta. Fufu, maharage na sambaza vinatosha, ilimradi vipo saa kumi na moja jioni na vimewekewa pia yule aliye chumba cha upasuaji. Maji ya kunywa hesabu lita tatu kwa mtu kwa siku, yaliyotiwa klorini au kuchemshwa. Maji ya REGIDESO, kampuni ya maji ya mji, yakikatika na mji ukaanza kuteka ziwani, usiwaachie madaktari wako wanywe wanachokipata, maana wiki inayofuata nusu yao watakuwa kwenye wodi ya kipindupindu upande wa vitanda.

Hela ni jambo la afya ya akili, ingawa wenye vyeo hawapendi kulisikia. Benki za Goma zilipofungwa mapema 2025, aliyekuwa na mshahara kwenye akaunti alibaki bila nauli, na kutoa pesa za simu kulikula sehemu yake kwa kamisheni. Weka akiba ndogo ya noti, tena ndogondogo na zisizochanika, kwa ajili ya nauli na dharura. Lipa motari (madereva wa pikipiki) mwenyewe, na wawe walewale wawili au watatu mnaowajua. Asistanti asisimame barabarani akijadiliana bei huku amevaa koti jeupe la daktari.

Jambo jingine la njiani ni picha. Picha za majeruhi zisikae kwenye simu ya mtu. Simu ikikaguliwa, picha hiyo inaweza kuzaa maswali mabaya, na mgonjwa mwenyewe hakuombwa ruhusa.

Hatua ya 6: Mipaka ya kazi na sahihi mbili

Majeruhi wakifika kwa wingi, wa tiba ya familia huvutwa kwenye upasuaji. Ni sawa, mradi kila mmoja ana karatasi yenye safu tatu: anachofanya peke yake (kufunga damu inayotoka, serumu, kusafisha jeraha, bandeji ya mfupa), anachofanya mkubwa akiwa amesimama pembeni (bomba la kifua, ketamini kwa mtoto), na asichofanya kabisa. Safu hizo zibadilike kwa mwaka wa mafunzo. Wa mwaka wa kwanza na wa nne si mtu mmoja.

Kwenye kupanga majeruhi kwa rangi, nyekundu, njano na kijani asistanti anaweza kuweka. Nyeusi, maana yake yule ambaye hatutampeleka upasuaji, iwekwe na mkubwa na muuguzi mkuu, majina mawili kwenye karatasi, na irudiwe kuangaliwa baada ya muda. Kijana wa miaka ishirini na saba aliyeiweka peke yake atairudia kichwani usiku kwa miaka. Kuongea na familia ya aliyefariki nako kusiachwe kwa mdogo kwa sababu tu anajua Kinande, Kinyarwanda au Kihunde. Aende na mtu, atafsiri, lakini neno lenyewe aliseme shefu.

Chumba cha gadi kiwe na kifurushi kamili cha PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa hatarini kuambukizwa), na ufunguo usiwe mfukoni mwa mtu aliyelala Himbi. Aliyechomwa sindano anaosha kwa maji na sabuni bila kukamua, anaanza dawa mara moja, ikiwezekana ndani ya saa mbili, na kwa vyovyote kabla ya saa 72, kisha anaendelea siku 28. Kifurushi hichohicho ni cha asistanti aliyebakwa, pamoja na dawa ya kuzuia mimba inayofaa ndani ya saa 120. Tunawaandalia wagonjwa wetu haya kila siku, kisha tunasahau kwamba madaktari wetu hupita barabara zilezile.

Hatua ya 7: Dakika kumi baada ya zamu mbaya

Kabla hawajatawanyika, kaeni kwenye chumba chenye mlango. Mlezi anauliza manne: Kimefanyika nini, kwa lugha ya kitabibu? Nini kilikwenda vizuri? Kesho tubadilishe nini? Nani anarudi nyumbani na nani? Basi.

Usimlazimishe mtu asimulie alivyojisikia. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao kimoja cha kuwafanya watu waeleze mkasa wote mara tu baada ya tukio. Hakizuii majeraha ya moyo, na baadhi kinawazidishia. Linachoshauri ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani anatetemeka au amenyamaza kupita kawaida yake. Sikiliza anayetaka kusema. Unganisha mtu na anachohitaji usiku huo: chakula, simu ya nyumbani, godoro, mchungaji au imamu wake.

Wala usimpe diazepamu ili alale. Kwa mshtuko mpya haifai, na daktari anayejua kabati la dawa lilipo hahitaji kuonyeshwa njia.

Hatua ya 8: Kikundi cha kila wiki

Wiki mbili au tatu baadaye, risasi zikitulia, anzisha kikundi cha aina ya Balint. Michael Balint alikianza London miaka ya 1950 na madaktari wa familia, kwa hiyo ni chombo cha kazi hii hasa. Watu sita hadi kumi, siku ileile, kwa muda wa saa moja. Mmoja anaeleza mgonjwa mmoja anayemsumbua, bila faili, dakika tano. Wanauliza maswali machache ya kuelewa. Kisha yeye anasogeza kiti nyuma na kunyamaza, wengine wanasema wanavyomwona mgonjwa huyo na daktari wake. Mwishoni anarudi, akitaka anasema neno, asipotaka basi. Kazi ya kiongozi ni kumzuia anayeanza na "mimi ningefanya hivi".

Kikundi hufa kwa njia tatu. Shefu anaingia "kusikiliza kidogo", midomo inafungwa. Malalamiko ya primu (posho) yanakula saa yote. Hayo yapewe kikao chake, tena kikao chenye mtu wa utawala. Na mtu akianza kulia, mwenzake anakimbilia kusema "tumwachie Mungu". Kufungua kwa sala si vibaya, Goma ndivyo tulivyo, lakini sala isitumike kumziba mtu mdomo.

Hatua ya 9: Dalili za mtu anayezama

Mlinganishe mtu na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Mcheshi aliyenyamaza, mpole anayewafokea wauguzi, anayewataja wagonjwa kwa namba za vitanda tu, anayelala hospitalini hata siku asiyo na gadi kwa sababu hataki kurudi nyumbani, anayeanza bia ya Primus saa nne asubuhi, ampuli zisizolingana na daftari. Kukosa usingizi siku chache baada ya tukio ni kawaida. Kukizidi wiki mbili, au kazi ikianza kuharibika, tafuta msaada.

Uliza wazi, kwa upole: "Dokta, umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, funguo za dawa zichukuliwe, ndugu anayemwamini aitwe, na apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME. Asitibiwe katika hospitali anayofanyia kazi, hata kama ina mwanasaikolojia mzuri. Faili lake halipaswi kupita mikononi mwa watu atakaokunywa nao chai kesho. Kwa hali isiyo ya hatari, njia ya vikao vitano ya Shirika la Afya Duniani iitwayo PM+ inaweza kuendeshwa na mtu asiye mtaalamu aliyefunzwa na anayesimamiwa.

Hatua ya 10: Mafunzo yasipotee, na waliokimbia wapokelewe

Kazi ya wiki za dharura ihesabiwe kwenye staji. Andika barua moja ya jumla, taja tarehe na kazi zilizofanyika, ipelekwe kitivoni mapema. Mitihani isogezwe kwa wote, si kwa anayeomba, kwa sababu walioumia zaidi ndio wasioomba.

Waliovuka Gisenyi au kwenda Bukavu, Beni na Kampala watarudi kidogokidogo, na hapo utakuta mji mdogo umegawanyika ndani ya hospitali: waliobaki na waliokimbia. Waliobaki wana uchovu na hasira. Waliokimbia wana aibu, na baadhi wamezika watu njiani bila kumwambia mtu. Usiwaulize hadharani kwa nini waliondoka, na usiruhusu stafu (kikao cha madaktari) ya asubuhi igeuke mahakama. Ongea na kila mmoja faraghani kabla hajaingia wodini. Wiki ya kwanza asipewe gadi ya usiku. Ya pili mpange na mmoja wa waliobaki, zamu moja, chumba kimoja, na usimpange kamwe na yule aliyekuwa anambebea kazi hadi huyo apewe kwanza siku zake za mapumziko anazodai.